Seremala wa Helgoland Aliyekataa Kuachia Meli Zake

Kila aliyesoma historia sekondari Tanzania amekutana na jina Helgoland. Mwalimu aliandika ubaoni: 1890, Mkataba wa Heligoland, Mwingereza kapata Unguja, Mjerumani kapata kisiwa. Tukanakili, tukakariri, tukafanya mtihani, basi. Hakuna aliyenyoosha mkono akauliza kisiwa hicho kina nini, au kina nani. Tulichojua ni kwamba wakubwa wamekaa mezani na sisi tumekuwa chenji.

Hesabu yenyewe, ukiichunguza, haikuwa hivyo hasa. Mjerumani hakuwa na Unguja ya kumpa mtu. Alichokitoa ni Witu, eneo la pwani ya Kenya ya leo, na ahadi ya kumwachia Mwingereza nafasi katika usultani wa Zanzibar. Lakini ndivyo lilivyotuingia kichwani, na mimi lilinikaa hivyo mpaka ukubwani, nilipoanza kusoma habari za watu wa kisiwa hicho. Aliyenivuta hakuwa kansela wala balozi, bali fundi seremala wa vyombo, Rickmer Clasen Rickmers. Alizaliwa Helgoland mwanzoni mwa mwaka 1807, akafa Bremerhaven mwaka 1886 akiwa mwenye kiwanda cha meli na msafara wa meli zake mwenyewe. Mwaka aliokufa ndio mwaka ambao Uingereza na Ujerumani zilikaa kumpimia Sultani Barghash wa Zanzibar pwani yake na kumwachia maili kumi kutoka ufukweni. Yeye na Barghash hawakuwahi kuonana, na sidhani kama hata mmoja alikuwa na habari za mwenzake.

Helgoland ni jabali la mawe mekundu kusini-mashariki mwa Bahari ya Kaskazini, eneo lake kama kilometa moja ya mraba, na kando yake kuna kisiwa kidogo cha mchanga kilichokatika kwa dhoruba mwanzoni mwa karne ya 18. Rickmers alizaliwa kisiwa kikiwa cha Mdenmaki. Kabla hajatimiza mwaka, Septemba 1807, manowari za Kiingereza zikakichukua. Kwa hiyo mtu tunayemwita Mjerumani alikua chini ya bendera ya Uingereza, na nyumbani kwao walizungumza Kifrisia cha kisiwani, lugha ambayo Mjerumani wa bara haielewi. Watu wa visiwani hili hawahitaji kuelezwa.

Utoto wake ulianguka katika zama za magendo. Napoleon alikuwa amepiga marufuku bidhaa za Kiingereza Ulaya bara, na Helgoland ikageuka ghala. Kahawa, sukari na tumbaku zilirundikwa juu ya jabali lile na kuvushwa usiku kwa mashua. Vita vilipokwisha fedha nazo zikaondoka. Watu wakarudi kwenye samaki, kwenye kamba koche, na kwenye kazi ya urubani wa kuingiza meli katika mito ya Elbe na Weser. Mwaka 1826 mwenyeji mwingine wa hapo, Jacob Andresen Siemens, naye seremala wa vyombo, akaanzisha mahali pa wageni kuja kuoga bahari. Wenzake hawakumpokea kwa furaha mwanzoni, lakini ndiye aliyekiokoa kisiwa, na mpaka leo kinakula kwa watalii. Mafundi wawili wa jabali moja: mmoja alileta watu kisiwani, mwingine akafungasha akaondoka.

Rickmers alikwenda Bremerhaven, na hapo alikuwa na bahati ya wakati. Mji wa Bremen uko juu mtoni, kiasi cha kilometa 60 kutoka baharini, na mto Weser ulikuwa unajaa mchanga. Meli kubwa hazikuweza tena kufika mjini. Meya Johann Smidt akanunua kipande cha ardhi mdomoni mwa mto kutoka ufalme wa Hannover mwaka 1827, mahali penye tope na majani nje ya boma la kuzuia maji, na mwaka 1830 gati la kwanza likafunguliwa. Mahali kama hapo mgeni haulizwi babu yake nani. Hakuna ukoo wa mafundi uliotangulia kushika kila kiwanja na kila mteja. Kuna matope, kuna kazi, na kuna meli zinazoingia na mbao zilizopasuka zikitaka kutengenezwa. Rickmers alifika mwanzoni mwa miaka ya 1830 na mkewe Etha, naye wa Helgoland, na mwaka 1834 akafungua karakana yake kando ya mto Geeste.

Hapa nataka nikae kidogo, maana sehemu hii ndiyo wengi wanaiandika kwa mstari mmoja: "alianza kama fundi akawa tajiri." Njia ya kutoka ufundi hadi utajiri si fupi hivyo, na wanaoishi pwani yetu wanajua mafundi hodari waliokufa na tezo, kile chombo cha kuchongea mbao, mkononi.

Niliwahi kukaa na fundi mmoja wa Nungwi, mzee wa familia ya mkunga wangu, akichonga taruma, yaani mfupa wa ubavu, la mashua kubwa. Hakuwa na ramani wala karatasi. Alikuwa na kamba, kipande cha mkaa na jicho. Alipiga tezo, akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama, akapiga tena. Nikamuuliza chombo hiki cha nani. Akanitajia tajiri wa Tanga. Nikamuuliza, wewe hukupata kuwa na chako? Akacheka. "Mwanangu, mimi nikishamaliza kushua, chombo nakiona mgongo tu." Alilipwa ujira wake na pengine mbuzi siku ya kushua, yaani ya kukiteremsha chombo majini, na jahazi likaenda kumtafutia mwenyewe mali miaka ishirini.

Rickmers alikataa kuuona mgongo. Sidhani kama alikuwa fundi bora kuliko yule mzee, na sina sababu ya kuamini hivyo. Kilichomsaidia ni mambo mawili aliyoyakuta tayari.

La kwanza ni namna ya kuunda. Fundi wetu, kwa desturi ya zamani, hulaza mkuku, ule mti wa chini ulio uti wa mgongo wa chombo, akapanda na mbao za ubavuni, kisha mataruma yanachongwa kufuata umbo ambalo mbao zimeshalipata. Umbo la chombo liko katika jicho lake, na akiugua wiki mbili kazi inasimama wiki mbili. Viwanda vya Ulaya ya kaskazini karne ile vilikwenda kinyume. Fundi mkuu alichonga kwanza mfano mdogo wa mti, nusu moja ya meli kwa urefu, upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili ni uleule. Mfano ule ukapimwa, mistari yake ikakuzwa na kuchorwa kwa ukubwa halisi juu ya sakafu ya ghala pana lisilo na nguzo katikati. Juu ya michoro hiyo wakakata violezo vya mbao nyembamba, kila taruma na kiolezo chake. Kisha violezo vinapelekwa uwanjani kwenye magogo ya mwaloni, na hapo seremala yeyote anayejua kushika tezo na msumeno anaweza kukata taruma ambalo hajui litakaa wapi. Mifupa ikisimama yote ndipo mbao zinapashwa mvuke mpaka zilainike, zinapindwa na kupigiliwa kwa misumari ya mti.

Matokeo yake ni haya: fundi mkuu akishaumaliza umbo sakafuni, mikono yake haihitajiki tena ubavuni. Anaweza kuajiri watu ishirini, hamsini, mia. Anaweza kuwa na meli mbili juu ya magogo kwa wakati mmoja, akaenda mjini kuzungumza na wafanyabiashara huku kazi ikiendelea. Jicho lake limewekwa sakafuni. Kwangu mimi hilo lilimtajirisha kuliko bidii yake, ambayo kila anayemsifu huitaja kwanza.

La pili ni mafungu. Meli ya biashara wakati ule mara nyingi haikuwa ya mtu mmoja. Iligawanywa mafungu: mfanyabiashara kachukua robo, nahodha sehemu yake, mshona matanga yake, mwuza kamba na lami yake. Faida ya safari ikagawanywa kwa mafungu, na hasara vilevile. Mwunda meli naye aliweza kuachiwa fungu badala ya sehemu ya fedha zake. Mteja alipenda, maana anatoa fedha taslimu kidogo, tena anajua fundi mwenye fungu hatatia mbao mbovu chini ya mkuku. Rickmers akaanza kuweka mafungu katika miaka ya 1840. Kisha mafungu yakawa meli nzima, na kiwanda chake kikawa na mteja asiyekawia kulipa: yeye mwenyewe. Soko likilala na hakuna mtu anayeagiza chombo, mafundi wake wanaunda chake.

Mazingira nayo yalisaidia. Kutoka Bremerhaven walikuwa wanamiminika wahamiaji wa kwenda Marekani, maelfu kwa maelfu, na meli zilirudi na tumbaku na pamba. Kisha ikaja dhahabu ya California, na kila mwenye chombo kinachoelea alitaka kwenda. Mtu mwenye mbao zilizokauka ghalani na uwanja kando ya mto hakuweza kukosa kazi.

Uwanja wenyewe ulianza kumbana. Mto Geeste ni mwembamba, na ulikuwa mpaka wa dola mbili. Upande huu Bremerhaven, mali ya Bremen. Ng'ambo, Geestemünde, mji ambao Hannover iliuanzisha miaka ya 1840 kwa hasira ya kuona Bremen inatajirika juu ya ardhi iliyouziwa na Hannover yenyewe. Rickmers hakuwa na uzalendo wa upande wowote, na angeupata wapi, mtu wa jabali lenye bendera ya Kiingereza? Katika miaka ya 1850 alihamishia kiwanda ng'ambo, kwenye nafasi kubwa zaidi. Maji pale hupanda na kushuka karibu meta nne, kama kwetu wakati wa bamvua, na kushua meli nzito kulisubiri maji makuu vilevile kama Nungwi.

Sasa mchele.

Wazee wa Unguja wanaukumbuka mchele wa Rangoon. Visiwa vyetu havijawahi kulima mpunga wa kujitosheleza, na Burma, Myanmar ya leo, yenye bandari ya Rangoon, ndiko kulikotulisha, hata Wajapani walipoitwaa Burma mwaka 1942 watu wa Unguja waliusikia msiba huo jikoni. Mchele huohuo, kutoka bandari zilezile za Burma na za Siam, Thailand ya leo, ndio uliomfanya Rickmers na wanawe kuwa watu wakubwa. Bremen ilikuwa mji wa mchele. Ulaya ilikula mchele kidogo, lakini uliingia pia katika wanga wa kunyoosha nguo, katika bia na katika chakula cha mifugo.

Ugumu wa biashara ile ulikuwa safari. Meli ya matanga kutoka Rangoon kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilikaa baharini miezi. Mchele mweupe uliokobolewa ukapigwa, ukifungiwa ngamani, tumboni mwa meli, na joto na unyevu muda huo wote, hufika umeharibika. Kwa hiyo ulisafirishwa nusu kazi: umeondolewa maganda sehemu kubwa, na mpunga kiasi kama moja ya tano umeachwa ndani yake makusudi, ganda lilinde punje. Maana yake mtu lazima aumalizie kuukoboa na kuung'arisha ukifika. Mwenye meli anayeleta mchele anapata nauli. Mwenye kinu anapata faida ya kinu. Familia ya Rickmers iliona haina haja ya kumpelekea mwingine. Katika miaka ya 1870 walikuwa na kinu chao Bremen, na mwana mkubwa, Andreas, ndiye aliyekishika kwa nguvu.

Tazama mnyororo ulivyo. Mti unaingia uwanjani kwake, unatoka meli yake, inakwenda Burma na nahodha wake, inarudi na mchele wake, unakobolewa kwenye kinu chake. Nimesema "chake" mara nyingi, na ndivyo ilivyokuwa. Yule mzee wa Nungwi angetikisa kichwa.

Lakini mnyororo huo ulikuwa na kichwa na mkia, na kichwa kilihama. Miaka mitatu baada ya mzee Rickmers kufa, mwaka 1889, familia iliigeuza biashara kuwa kampuni ya hisa. Jina lake kwa Kijerumani lilitanguliza vinu vya mchele, likafuatisha usafirishaji, likamalizia na uundaji wa meli. Ufundi ulioanza yote ukawekwa mwisho kabisa, na hilo halikuwa la jina pekee. Walipotaka meli kubwa za chuma za milingoti minne na mitano, kadhaa waliziagiza kwa kiwanda cha Russell na wenzake, Port Glasgow, Scotland. Familia yenye kiwanda inaagiza chombo kwa kiwanda cha jirani! Inawezekana bei ilikuwa nzuri, inawezekana nafasi nyumbani haikutosha kwa ukubwa ule. Lakini fundi aliyeanza na tezo kando ya Geeste angekuwa na neno.

Meli zao walizipa majina ya watoto na wake. Peter Rickmers ya milingoti minne ilikuwa moja ya hizo za Scotland. Mwaka 1908, ikiwa imejaa makasha ya mafuta ya taa ya kwenda Rangoon, ilipanda mchangani ufukoni mwa Long Island, Marekani, na haikutoka. Maria Rickmers, ya milingoti mitano na mtambo wa mvuke wa kusaidia, ilitoka Saigon Julai 1892 na shehena ya mchele. Ilikuwa inarudi kutoka safari yake ya kwanza. Ilionekana ikipita Anjer, kwenye mlango wa Sunda, na haijaonekana tena.

Rangi za meli zao zilikuwa kijani, nyekundu na nyeupe. Ni rangi za Helgoland: majani juu, jabali katikati, mchanga chini, na watu wa kisiwani wana shairi fupi la kuzitaja. Mzee aliondoka kijana akawa mtu wa Bremerhaven, akafuata biashara hadi Burma, lakini ubavuni mwa meli alipaka kwao.

Ukitaka kuona mojawapo, iko Hamburg. Rickmer Rickmers, ya chuma, urefu wake kama meta 97, ilishuliwa na kiwanda cha familia mwaka 1896 ikapewa jina la mjukuu mtoto, na sanamu ya mtoto huyo ndiyo imewekwa omo, mbele ya meli. Safari yake ya kwanza ilikwenda Hong Kong na kurudi na mchele na mianzi. Iliuzwa 1912. Wareno waliikamata Azores wakati wa vita, mwaka 1916, na baadaye wakaifanya meli ya kufundishia wanamaji, ikiitwa Sagres kwa karibu miaka arobaini. Watu wa Hamburg waliirudisha mwaka 1983 ikiwa kutu tupu, wakaisafisha kwa kujitolea miaka minne. Leo imefungwa kwenye gati la Landungsbrücken na ngamani mwake kuna mkahawa. Anayependa kazi ya mikono ashuke chini atazame mataruma, yalivyo karibukaribu na yalivyopigiliwa ribiti moja baada ya nyingine. Juu kwenye sitaha kila mtu anapiga picha na usukani.

Kubwa kuliko zote walizounda wenyewe ni R. C. Rickmers ya mwaka 1906, iliyopewa jina la mzee: milingoti mitano, na injini ya mvuke ya kusukuma upepo ukikata. Tayari ilikuwa imechelewa. Stima ilikuwa imeshachukua biashara, na meli hiyo ya kuchanganya, tanga na moto, ilikuwa ghali pande zote mbili. Vita vilipoanza 1914 ilikuwa Cardiff, Waingereza wakaichukua na kuipa jina jingine, na mwaka 1917 nyambizi ya Kijerumani ikaizamisha.

Kiwanda cha Geeste kiliendelea kwa kupanda na kushuka hadi 1986, kikafungwa. Upande wa usafirishaji ulirefuka zaidi. Kampuni kuu ya jina la Rickmers huko Hamburg ilifilisika mwaka 2017, katika mgogoro mrefu wa meli za makontena: meli nyingi mno, mizigo haba, nauli chini, madeni juu. Katika madeni hayo kulikuwa na hati fungani za yuro milioni 275. Waliozinunua hawakuwa mshona matanga, wala nahodha, wala mwuza lami mwenye fungu lake katika chombo anachokijua kwa jina. Walikuwa na karatasi inayosema wanadai riba, na kampuni ilipoanguka haikuwa na kiwanda cha kuunda hata mashua moja. Hicho kilikuwa kimetangulia miaka 31.